Saruji Yapita Katikati ya Mkonge

Treni ya mizigo haina ratiba inayobandikwa ukutani. Ukitaka kuikuta kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi unahitaji watu: mama anayeuza chai na vitumbua jirani na stesheni ya Muheza, kijana wa bodaboda pale Hale, mzee mwenye shamba linalopakana na tuta la reli upande wa Ngombezi. Hao ndio ratiba yangu. "Imeshapita Pongwe," ananiambia mmoja kwa simu, "ila leo inakwenda pole pole, ina mzigo." Nikisikia kwamba ina mzigo, nachukua begi la kamera na kutoka.

Wengi huniuliza kwa nini nahangaika na treni ya mizigo wakati ya abiria ina sura za watu, ina mikono inayopunga madirishani, ina vikapu na kuku. Ni kweli, na nimeipiga picha pia. Lakini mzigo unaeleza nchi. Ukijua kilichomo ndani ya mabehewa, kinakotoka na kinachorudi baada ya hapo, umeshapata nusu ya habari za wakulima wa bonde lote la Pangani. Nusu iliyobaki wanakupa wenyewe, ukisimama shambani kwao muda wa kutosha.

Reli hii ndiyo ya kwanza kujengwa Tanganyika. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, macho yao yakiwa kwenye kahawa ya Usambara. Walifika Muheza mwaka 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua njia mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Kilomita kama 350 zilichukua miaka 18. Kahawa ya Usambara Mashariki haikuwalipa walivyotarajia. Kilichokuja kuyajaza mabehewa ni mkonge, na mkonge uliyajaza kwa miongo mingi hata baada ya Wajerumani kuondoka.

Leo mzigo unapanda kutoka pwani. Treni za mizigo za kwenda Moshi zilisimama kwa zaidi ya miaka 10, vichaka vikaota katikati ya reli, na watoto wa vijiji vya pembeni wakakua wakilijua tuta kama njia ya kwenda shule tu. Ziliporudi Julai 2019 zilibeba saruji ya Tanga. Ndiyo ninayoifuata mara nyingi: kichwa kimoja cha dizeli, mabehewa yaliyofubaa kwa kutu na vumbi, na saruji inayokwenda kujenga nyumba Kilimanjaro na Arusha. Inapita katikati ya michungwa, mahindi, mihogo na mkonge, na sehemu kubwa ya mazao hayo hayapandi humo.

Muheza inanionyesha jambo hilo waziwazi kuliko mahali pengine popote. Msimu wa machungwa ukifika, mji mzima unanukia maganda. Malori yanaingia mpaka ndani ya vijiji, vijana wanahesabu na kupakia, na mzigo unaondoka kwenda Dar es Salaam na Nairobi. Reli iko pale pale, hatua chache tu. Mkulima mmoja alinifafanulia kwa subira, kama anayemweleza mtoto wa mjini: chungwa likichumwa halingoji, lori linamfuata mpaka chini ya mti, na yeye peke yake hana mzigo wa kujaza behewa. Angekuwepo mtu wa kukusanya mzigo wa wengi, akawa na ghala la kivuli pale stesheni na siku inayojulikana ya treni kupita, hesabu ingekuwa nyingine. Mimi naamini hivyo pia, na nasikitika kila ninapoiona treni ikipita mbele ya matenga ya machungwa bila kusimama.

Kutoka Tanga hadi eneo la Hale na Mnyusi, anayefuata treni kwa barabara hana shida. Kuanzia hapo mambo yanabadilika. Lami inashuka kwenda Segera kuungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, ndipo ipande tena kwenda Korogwe. Reli yenyewe inakatiza moja kwa moja ndani ya mashamba na kuvuka mto Luengera. Mnyusi ndipo pia inapochepuka njia ya kwenda Ruvu, iliyokamilika mwaka 1963 na kuiunganisha Tanga na reli ya kati. Ukifuata lami, utaipoteza treni na kuikuta Korogwe imeshapoa. Kwa hiyo hapa naachana na barabara kuu. Nakodi bodaboda, dereva anaendesha, macho yangu yanafanya kazi yake, na tunaingia njia za mashambani.

Njia hizo ndizo zilizonifundisha mkonge.

Mtu anayeupita mkonge kwa basi anaona mistari iliyonyooka tu. Ukisimama ndani yake unaona zaidi. Mmea unakaa kama miaka mitatu kabla ya kukatwa majani ya kwanza. Unaendelea kukatwa kwa miaka, halafu siku moja unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, unachanua mara moja tu katika maisha yake, unaangusha vitoto vyake chini na kufa. Milingoti hiyo inabaki imesimama shamba zima, na watu huichukua kujengea. Kwa mpiga picha ni zawadi: treni inapopita nyuma yake, milingoti inaigawa picha vipande vipande na jicho linapata mahali pa kupumzikia.

Na kila mkonge unaouona hapa una asili ya kushangaza. Mwaka 1893, mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika vikiwa hai ni 62. Kutokana na hivyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyokuja kuifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa tani 230,000 hivi. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufika miaka ya 1990 kilichobaki ni sehemu ndogo tu ya ule mzigo.

Jambo ambalo wapenzi wa reli hulisahau ni kwamba mkonge ulihitaji reli mara mbili. Jani bichi ni zito, karibu lote ni maji na utomvu. Singa, yaani nyuzi zinazotumika, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Hakuna anayeweza kulisafirisha jani mbali. Lazima likamuliwe korona, kwenye mashine ya kutenganisha singa, siku chache baada ya kukatwa, na korona iwe humo humo shambani. Ndiyo maana mashamba makubwa yalijenga reli zao ndogo, nyembamba, za kutoa majani kwenye mistari hadi korona. Singa zikishakaushwa na kufungwa marobota, zikapanda reli kubwa kwenda bandari ya Tanga. Ukitembea kwenye mashamba ya zamani ukiwa na mwenyeji anayejua, atakuonyesha reli hizo ndogo zilikopita: tuta dogo lililomezwa na nyasi, kipande cha chuma kilichogeuzwa nguzo ya banda la mbuzi. Marobota niliyoyaona mimi siku hizi yalikuwa juu ya malori.

Babu yangu mzaa baba alikuja kwenye mashamba haya kutoka Kigoma, manamba, yaani kibarua wa mkataba, kama maelfu ya wenzake waliotoka Kigoma, Songea, Burundi, Rwanda na Msumbiji. Alikata mkonge. Baadaye alipewa kazi ya kusukuma matoroli ya majani kwenye reli ya shamba, na alilihesabu jambo hilo kuwa kupanda cheo. Hakuna picha yake hata moja ya wakati huo. Picha za mashamba zipo nyingi, zimehifadhiwa hadi Ulaya, na ndani yake utamwona meneja amevaa kofia, mashine mpya, treni imepambwa siku ya sherehe. Wakataji wako nyuma kabisa, wadogo, bila majina. Nikiwa nimesimama kwenye mstari wa mkonge nikiisubiri treni, namfikiria yeye kuliko ninavyoifikiria treni.

Korogwe nasimama na kuingia stesheni kwa miguu, bila kamera mkononi. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kazi hii: nenda kwa mkuu wa stesheni kwanza. Mwamkie, jitambulishe, mwonyeshe picha ulizopiga kabla, mweleze unataka kusimama wapi. Reli ni mali ya umma na ni eneo la usalama. Mtu anayejificha kichakani na lenzi ndefu anawatia watu wasiwasi, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Ndani ya uzio wa stesheni sipigi chochote bila ruhusa. Nje, mashambani, ruhusa ninayoitafuta ni ya mwenye shamba. Na siku zote nakaa mbali na reli yenyewe. Treni iliyojaa saruji haiwezi kusimama ghafla hata dereva akikuona, na mlio wa honi kwenye vivuko usiufanye kichekesho.

Baada ya Korogwe inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Reli na barabara zinakaa jirani, zikielekea kaskazini-magharibi chini ya ukuta wa Usambara hadi Mombo na kuipita. Mlima uko mkono wa kulia wa treni, umesimama wima, kijani kibichi juu na mwamba mtupu katikati. Kushoto bonde limefunguka. Hapa mwanga ndio unaoamua kila kitu. Asubuhi jua linatokea nyuma ya mlima, kwa hiyo treni na mlima vyote vina giza upande wako na anga imeungua kwa weupe. Saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vinajikunja chini ya mabehewa na mahindi yanaonekana kama yamepauka. Lakini kuanzia saa tisa alasiri, ukisimama upande wa bonde, jua linakuwa mgongoni mwako. Ukuta mzima wa mlima unawaka, kutu ya mabehewa inapata rangi, na vumbi lenyewe linakuwa na faida. Miezi ya kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa hulifunika bonde. Baada ya mvua za vuli hewa inasafishika na unaweza kuihesabu miti kule juu.

Pale, kati ya Korogwe na Mombo, ndipo bibi mmoja alipobadilisha namna ninavyopiga picha. Alikuwa anapalilia mahindi hatua chache kutoka kwenye tuta. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwomba nisimame kwenye mpaka wa shamba lake. Akaniruhusu. Treni ikaja, nikapiga, ikapita. Akaegemea jembe lake na kuniuliza:

"Mjukuu wangu, hiyo treni umekuja kuipiga picha kutoka huko kote. Haya mahindi huyaoni?"

"Nayaona, bibi."

"Basi mbona umeyapa mgongo?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amelima tangu alfajiri, shamba lilikuwa limependeza, na alitaka kujua ni kitu gani kwenye mabehewa ya saruji kinachozidi hicho. Nilimwomba ruhusa ya kuingia ndani ya shamba kusubiri treni nyingine, akacheka, akasema kwa treni hizi nitavuna naye. Nilirudi siku nyingine iliyokuwa na treni. Nikapiga magoti kati ya matuta ya mahindi, lenzi pana, tundu la lenzi limebanwa ili mbele na nyuma vyote viwe wazi, yeye akiwa kazini karibu yangu na treni ikiwa mstari mwembamba kule nyuma, chini ya mlima. Ndiyo picha niliyompelekea ikiwa imechapishwa.

Tangu hapo naitafuta treni kutoka shambani. Napanga picha nikianza na kazi ya mkulima: jembe, mzigo wa majani ya mkonge kichwani, ng'ombe wanaorudi, mfereji wa mpunga. Treni naiacha iingie yenyewe. Kitaalamu ni rahisi zaidi, kwa sababu treni inakwenda taratibu na ikiwa mbali haihitaji kasi kubwa ya shata. Kazi ngumu ni kuwa mahali panapostahili na watu waliokuzoea. Picha za treni imejaza fremu, kichwa kinakuja mbele na moshi mweusi juu, bado napiga moja mbili. Zinavutia. Lakini kichwa cha dizeli kikijaza fremu huwezi kujua kama uko Mombo au nchi nyingine kabisa. Jembe na mahindi na ukuta ule wa Usambara havifanani na vya mahali pengine.

Nachapisha picha na kuzirudisha. Hili nalihesabu kuwa sehemu ya kazi. Watu wa pembeni ya reli wamepigwa picha na wapita njia wengi na hawajawahi kuona hata moja. Ukirudi na karatasi mkononi, mara ya pili hawakuulizi unatafuta nini. Wanakuambia treni imeshafika wapi.

Kupita Mombo, kwenye njia panda ya kwenda Lushoto, kabichi, karoti na viazi vya mlimani vinashuka kwa malori bila kukoma. Kisha Mazinde, ambako mkonge unarudi kwa ukubwa wake, halafu Mkumbara. Hapo Wajerumani walikuwa na waya wa kuning'inia uliokuwa ukishusha magogo kutoka msitu wa Shume, juu kabisa ya mlima, hadi kwenye reli. Ukisimama Mkumbara ukatazama ule ukuta, utastaajabu kwamba kuna watu waliopandisha nguzo na vyuma kule, na utajua bila kuambiwa mabega ya nani yaliyobeba. Reli hii tangu mwanzo ilikuwa mkono wa kuchukulia: magogo, kahawa, katani. Ndiyo maana simchukii anayeshangilia saruji inayopanda. Saruji inabaki huku. Inakuwa madarasa na visima. Ninachokitaka ni behewa lile lile lisishuke tupu.

Kuanzia Buiko nchi inakauka. Mvua inabaki upande wa pili wa milima, mashamba yanakuwa machache, na kutoka hapo hadi Makanya ni vichaka, mbuzi na ng'ombe wengi. Nakwenda haraka hapa, kwa sababu kijua ni kikali na treni huonekana kutoka mbali sana kiasi kwamba unachoka kuisubiri. Wapare wanalima juu, milimani, na mifereji yao ni habari inayojitosheleza. Same, kisha tambarare, kisha Kahe, inakogawanyika njia ya zamani ya kwenda Taveta na Voi iliyowekwa na Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Ukikaribia Moshi maji yanaonekana tena, mpunga na miwa, na Kilimanjaro ikiwa imejitokeza.

Serikali ina mpango wa kujenga reli ya kisasa, SGR, kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Ikijengwa, itapita juu ya matuta marefu yenye uzio, kwa kasi ambayo bodaboda haiwezi kuifuata, na mkulima hataweza kusimama hatua chache kutoka kwenye behewa na kumsalimu dereva kwa jembe. Naitaka ijengwe, wakulima wa Muheza wanaihitaji zaidi kuliko mimi ninavyohitaji picha. Ila hiyo ndiyo sababu ninafanya kazi hii sasa, wakati reli hii ya zamani, yenye upana wa mita moja, bado inapita kwenye mipaka ya mashamba ya watu na mtu wa kwenye kichwa cha treni anawajua baadhi yao kwa majina.

Kuna picha nyingine ninazozitafuta, na hizi siwezi kuzipiga mimi. Ni za miaka ya 1950 hadi 1970, zilizopigwa na watu wa mashambani wenyewe au na wapiga picha wa studio za Korogwe, Muheza na Tanga: wakataji wamesimama kwenye toroli la majani, familia stesheni ya Mombo siku ya safari, vijana wamekaa juu ya marobota ya katani. Zipo kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda, najua zipo, nimeonyeshwa chache. Kama nyumbani kwenu ipo moja, usiitume kwa simu kwanza. Muulize mzee aliyemo ndani ya picha, au mtoto wake, ni shamba gani, korona gani, nani alisimama pembeni ya nani, na uandike majina hayo nyuma kwa penseli. Kisha niite nije na kamera, nitainakili hapo hapo sebuleni na kuiacha kwa mwenyewe.